Mizingo mingi, mkondo mdogo: kuchagua mota ya gari la rimoti la kupanda mawe

Takriban miaka elfu nane iliyopita, ubavu wa mashariki wa Mlima Meru uliporomoka na mawe yake yakatawanyika kuelekea upande wa Kilimanjaro. Maziwa ya Momella na vilima vinavyoyazunguka vimekaa juu ya kifusi hicho. Upande wa kusini nako, mito inayotelemka kutoka mlimani imekuwa ikiburuta mawe meusi ya volkano kwa karne nyingi, na ndani ya jiji la Arusha, kwenye makorongo ya Themi na Naura, majabali hayakosekani. Kwa mpenzi wa magari ya rimoti ya kupanda mawe, hasa yale ya ukubwa wa moja ya kumi ya gari halisi, huu ni uwanja usiohitaji kujengwa. Anachohitaji ni gari linaloweza kutambaa polepole juu ya jiwe bila kuruka wala kuzimika. Mjadala wa gari la namna hiyo huanzia kwenye mota.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni mfupi: chukua mota yenye mizingo mingi ya waya, kwa kuwa ndiyo yenye nguvu. Ushauri huo unamfikisha mtu karibu na jibu sahihi, ila kwa sababu isiyo sahihi. Mwenye sababu isiyo sahihi atakwama siku atakapobadilisha betri, gia au tairi. Mizingo mingi haitengenezi nguvu mpya. Kazi yake ni kupunguza kasi ya juu ya mota na kuweka kikomo kwenye mkondo wa umeme ambao mota inaweza kuvuta. Kwetu hapa, ambako betri nzuri na kontrola imara (kifaa kinachodhibiti umeme unaoenda kwenye mota) huagizwa mbali kwa gharama kubwa, kikomo hicho kina thamani kuliko sifa nyingine nyingi zinazoandikwa kwenye boksi.

Namba iliyoandikwa kwenye mota

Mota iliyozoeleka kwenye magari haya huitwa 540: mkebe wa chuma wenye kipenyo cha karibu milimita 36 na urefu wa milimita 50. Ndani ya mkebe kuna sumaku mbili zilizobandikwa ukutani, na katikati yake roto yenye mikono mitatu iliyozungushiwa waya wa shaba. Umeme huingia kwenye roto kupitia kaboni mbili zinazosugua komuteta. Mota ikiandikwa 35T, maana yake kila mkono wa roto umezungushiwa waya mara 35. Ya 55T imezungushiwa mara 55, na ya 80T mara 80.

Mota ya fedha inayokuja na magari mengi ya Tamiya ina mizingo ipatayo 27. Axial SCX10 II, iliyotoka 2016 na kupendwa sana na wapanda mawe, ilikuja na mota ya 35T. Mwaka mmoja baadaye Traxxas walitoa TRX-4 yenye mota ya 21T, na gari hilo hupanda mawe vizuri kabisa. Kama mizingo mingi ndiyo nguvu, TRX-4 ingekuwa mzigo tu. Siri yake iko kwenye mambo mengine: mota yake ni ya ukubwa wa 550, ndefu kuliko 540, giaboksi yake ina gia mbili, na kwenye kila tairi kuna gia nyingine inayopunguza mwendo kabla nguvu haijafika chini. Kwa hiyo namba ya mizingo haisomwi peke yake.

Haisomeki vizuri hata ikilinganishwa na namba ya mota nyingine, kama sumaku ni tofauti. Sumaku kali hupunguza kasi ya mota kwa idadi ile ile ya mizingo. Mota ya 35T yenye sumaku kali inaweza kwenda taratibu sawasawa na ya 45T yenye sumaku za kawaida. Kipimo kinachosema ukweli ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja. Mtengenezaji akiitaja namba hiyo, shika hiyo kwanza.

Hesabu ya mteremko mmoja

Tuchukue gari la kilo 2.5 lenye tairi za kipenyo cha sentimita 11.5, gia zinazopunguza mwendo mara 40 kutoka kwenye mota hadi kwenye tairi, na betri ya volti 7.2. Tuseme mota ya 27T huzunguka mara 16,000 kwa dakika ikiwa haina mzigo, na ukinzani wa waya wake ni sehemu moja ya kumi ya omu. Hizi ni namba za makadirio za kufanyia hesabu, na zinatosha kuonyesha kinachotokea.

Kwa gia hizo, mota ya 27T italipeleka gari karibu kilomita 8.7 kwa saa. Ya 35T italipeleka kilomita 6.7, ya 55T kilomita 4.3, na ya 80T kilomita 2.9. Mtu anayetembea kawaida huenda kama kilomita 5 kwa saa, kwa hiyo 55T ni mwendo wa mtu asiye na haraka, na 80T ni mwendo wa mtu anayesaka kitu alichodondosha njiani.

Sasa gari lipande jabali lenye mwinamo wa nyuzi 45. Ili lisimame pale bila kurudi nyuma na lianze kupanda, tairi zote kwa pamoja zinahitaji nguvu ya kuzungusha ya karibu nyutoni mita moja. Ukigawanya kwa 40, kisha ukaongeza hasara ya gia na beringi, mota yenyewe inabaki na kazi ndogo sana. Ya 27T itaifanya kazi hiyo kwa ampea 8.4, ya 35T kwa ampea 6.5, ya 55T kwa ampea 4.1, na ya 80T kwa ampea 2.8. Hapa ndipo wengi wanapohitimisha kuwa 80T ina nguvu mara tatu.

Tupime joto linalozalishwa ndani ya waya. Nafasi ya kuweka shaba kwenye roto ni ile ile. Ukitaka kuongeza mizingo maradufu, lazima upunguze unene wa waya hadi nusu ya eneo lake. Waya umekuwa mrefu mara mbili na mwembamba mara mbili, kwa hiyo ukinzani umepanda mara nne. Mkondo umeshuka hadi nusu, na kwa kuwa joto hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, hapo limepungua mara nne. Mara nne ya kupanda na mara nne ya kushuka zinafutana. Kwa mota yetu ya 27T, joto kwenye jabali lile ni wati 7. Kwa ya 80T, ni wati 7 pia.

Mota mbili zinazosukuma mzigo ule ule kwa joto lile lile zina uwezo sawa. Kilichobadilika ni namna zinavyoomba umeme: moja inataka ampea nyingi kwa volti chache, nyingine inataka ampea chache kwa volti nyingi zaidi. Ndiyo maana mota ya 55T ikipewa betri ya volti 11.1 huenda karibu sawa na ya 35T yenye betri ya volti 7.4, na kwa mzigo ule ule huvuta chini ya theluthi mbili za mkondo wa mwenzake.

Nguvu hutoka kwenye gia

Kama mizingo haiongezi nguvu, nini kinaongeza? Kwanza ni gia. Badilisha gia za gari letu kutoka kupunguza mara 40 hadi kupunguza mara 80 bila kugusa mota. Mzigo unaoifikia mota unakuwa nusu, mkondo unakuwa nusu, na joto linashuka hadi robo. Hakuna idadi ya mizingo inayoweza kufanya hivyo. Kubadilisha mizingo kunaliacha joto pale pale. Kubadilisha gia kunalipunguza kwa kasi kubwa.

Madereva wa utalii wa Arusha wanalijua hili kwa miguu na mikono yao. Land Cruiser zinazobeba wageni, nyingi zikiwa na injini ya dizeli ya lita 4.2, hazipandi ukingo wa Ngorongoro kwa kutegemea ukubwa wa injini peke yake. Dereva anapoingia kwenye barabara ya kreta huweka gia ndogo ya foo wili, ambayo hupunguza mwendo karibu mara mbili na nusu zaidi na kuongeza nguvu ya tairi kwa kiasi hicho hicho. Injini ni ile ile, mafuta ni yale yale. Gia ndiyo inayotenganisha gari linalokwama na linalofika juu.

Kwenye gari la rimoti, njia nyepesi ya kufanya hivyo ni kubadilisha pinioni, ile gia ndogo iliyo kwenye shafti ya mota. Ukitoa pinioni ya meno 15 ukaweka ya meno 11, umeongeza nguvu kwenye tairi kwa zaidi ya theluthi moja, kwa gharama ya kipande kimoja kidogo cha chuma. Kabla ya kuagiza mota mpya, hakikisha kwanza kwamba pinioni iliyopo haiwezi kupunguzwa zaidi. Jambo la pili linaloongeza nguvu ni ukubwa wa mota: shaba nyingi zaidi na sumaku ndefu au kali zaidi. Ndiyo maana 550 yenye mizingo michache huishinda 540 yenye mizingo mingi kwenye mzigo mzito.

Mawe yanayoshika na siku ya kukwama

Mawe ya Meru hayafanani na mawe laini ya mtoni yaliyosuguliwa na maji. Lava iliyopoa juu ya ardhi ina vijishimo na kingo zinazouma raba, na tairi laini hushikilia kwa nguvu. Hilo ni zuri kwa kupanda, ila lina gharama. Kwenye jiwe linaloteleza, tairi huzunguka bure kabla mota haijaelemewa, na utelezi wenyewe unailinda mota. Kwenye jiwe linaloshika, tairi haizunguki bure. Mzigo wote unarudi kwenye mota.

Bado kuna ukomo. Tairi haiwezi kusukuma zaidi ya kile ambacho uzito wa gari na mshiko wa jiwe vinaruhusu. Kwa gari letu la kilo 2.5, hata mshiko mkubwa hautaidai mota zaidi ya nusu ya nguvu ambayo 80T hutoa ikizuiwa kabisa kuzunguka. Hofu kwamba mizingo 80 itashindwa kulisogeza gari kwa gia nzuri haina msingi. Hatari ya kweli huja pale tairi inapobanwa kati ya mawe mawili. Hapo mshiko si kikomo tena. Mota husimama huku dereva amebonyeza kitufe hadi mwisho, akisubiri muujiza.

Katika hali hiyo ndipo mizingo mingi inapoonyesha thamani yake. Mota ya 27T iliyozuiwa kwa volti 7.2 itajaribu kuvuta ampea 72 na kugeuza zaidi ya wati 500 kuwa joto ndani ya mkebe mdogo. Sekunde chache zinatosha kuunguza vanishi ya waya, kulegeza lehemu ya komuteta au kuua kontrola. Mota ya 80T iliyobanwa vile vile itavuta ampea 8 tu na kutoa wati zisizofika 60. Ya kwanza ni jiko la umeme, ya pili ni balbu. Anayejifunza, au mtoto anayeshika rimoti kwa mara ya kwanza, atabana tairi mara nyingi. Mpe mota inayosamehe.

Faida nyingine iko kidoleni. Safari yote ya kitufe, kuanzia kugusa hadi kubonyeza mwisho, inagawanywa kwenye kasi nzima ya gari. Kwa 27T, mgawanyo huo unafika kilomita 8.7 kwa saa, na sehemu ya kwanza kabisa ya kitufe tayari ni mwendo wa kuruka jiwe. Kwa 80T, kitufe chote kinahusika na kilomita 2.9. Dereva anaweza kulisogeza gari upana wa kidole, akasimama, akatazama tairi ya nyuma imekaa wapi, kisha akaendelea. Kupanda mawe ni kuchagua pa kuweka tairi, na mchezo huo unaharibika gari likienda mbio kuliko akili ya anayeliendesha.

Kushuka

Wengi hudhani mizingo mingi hulizuia gari vizuri zaidi kwenye mteremko. Kontrola za kupanda mawe hufunga breki kwa kuunganisha nyaya mbili za mota pamoja dereva anapoachia kitufe. Roto inayolazimishwa kuzunguka huzalisha umeme unaopinga mzunguko huo. Mizingo ikiongezeka, umeme unaozalishwa unaongezeka, lakini ukinzani nao unaongezeka, na mwisho wa hesabu nguvu ya breki inabaki pale pale. Kinachoimarisha breki ni kile kile kilichoimarisha kupanda: gia ndogo na mota kubwa. Gari linaloteleza chini ya jabali likiwa na breki kamili linahitaji pinioni ndogo zaidi, na wala si mota nyingine.

Soko letu, betri zetu

Kwa anayeishi Marekani au Ulaya, swali la mota huisha hapa. Ananunua betri ya lithiamu inayoweza kutoa ampea nyingi, kontrola inayozihimili, na mota aipendayo. Kwa anayeishi Arusha, safari ya betri peke yake ni kikwazo. Betri za lithiamu zina masharti makali ya kusafirishwa kwa ndege, na zikifika zimeshapanda bei. Kontrola ikiungua, kusubiri nyingine kunaweza kuua hamu yote ya mchezo.

Kontrola nazo hutaja mipaka yake kwa mizingo. Hobbywing QuicRun 1060, inayotumika sana kwa kuwa ni ya bei nafuu, huruhusu mota za 540 kuanzia 12T kwa betri ya seli mbili na kuanzia 18T kwa seli tatu. Mpaka huo una maana moja: kadiri volti zinavyopanda, mizingo lazima iongezeke ili mkondo usizidi. Kwa mota ya 55T au 80T, kontrola hiyo hufanya kazi mbali na mpaka wake na hupoa. Hata kontrola ndogo isiyo na jina, ambayo tangazo lake limetia chumvi ampea, inaweza kuvumilia.

Kuna pia betri ambazo tayari zipo mtaani. Laptopu iliyokufa mara nyingi ina seli za silinda aina ya 18650, na katika pakiti mbovu si ajabu kukuta chache tu ndizo zilizokufa. Seli hizo hazikuundwa kutoa mkondo mkubwa. Ampea 4 au 5 kwa seli ndio mwisho wa busara. Ukifunga seli nne zinazolingana, mbili sambamba na mbili kwa mfuatano, unapata volti 7.4 na uwezo wa ampea 8 hadi 10. Mota ya 27T itaziua siku ya kwanza ya kubanwa. Mota ya 80T, hata ikizuiwa kabisa, haiombi zaidi ya kile zinachoweza kutoa. Mizingo yenyewe imekuwa mlinzi wa betri.

Hapa tahadhari haina mjadala. Seli zisizolingana zisifungwe pamoja. Pakiti iwe na saketi ya ulinzi na fyuzi, ichajiwe kwa chaja ya lithiamu inayosawazisha seli, na isiachwe ikichaji ndani ya nyumba usiku watu wamelala. Seli iliyovimba, iliyobonyea au iliyowahi kupata joto kali isirudishwe kazini kwa sababu yoyote.

Mota nazo zipo. Printa nyingi mbovu zina mota ndogo ya kaboni iliyotengenezwa kwa volti 24 au zaidi. Kwa kuwa ilikusudiwa volti nyingi, imesukwa kwa waya mwembamba wenye mizingo mingi, na ukiipa volti 7 huzunguka taratibu. Mkebe wake ni mwembamba kuliko 540, kwa hiyo shaba ni kidogo na inafaa gari jepesi. Drili ya betri iliyovunjika hutoa mota ya ukubwa wa 550 pamoja na giaboksi yake ya sayari, kipande chenye thamani kubwa kwa anayetaka kujenga gari lake mwenyewe. Mota hiyo ina mizingo michache na huvuta mkondo mwingi, lakini gia zilizokuja nayo hufidia kwa kiasi kikubwa.

Kusuka upya

Arusha ina mafundi wanaosuka mota za pampu, grainda na blenda. Mota ya 540 ni ndogo kuliko walizozoea, lakini kanuni ni ile ile, na kazi yake ni somo zuri kwa kijana mwenye subira.

Masikio ya mkebe hukunjuliwa kwa bisibisi bapa na kifuniko kuvutwa pamoja na kaboni zake. Roto ikitoka, kabla ya kukata waya wowote, hesabu mizingo ya mkono mmoja na andika waya ulianzia upande gani na kuzungushwa kuelekea wapi. Mikono yote mitatu lazima ifuate mwelekeo mmoja. Pima unene wa waya wa zamani baada ya kukwangua vanishi. Kama ulikuwa milimita 0.7 na unataka kuongeza mizingo maradufu, waya mpya uwe wa milimita 0.5, kwa sababu kinachopaswa kuwa nusu ni eneo la waya, na eneo hufuata kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Waya mnene kuliko huo hautaenea. Mwembamba kuliko huo utaacha nafasi tupu, na nafasi tupu ndani ya roto ni nguvu iliyotupwa.

Waya uvutwe ukiwa umekaza, kila mzingo ukilala kando ya mwenzake. Ncha zikwanguliwe hadi shaba ing'ae kabla ya kuchomelewa kwenye masikio ya komuteta, na mizingo yote ipakwe gundi ya epoksi ili waya usitikisike. Mwisho pima ukinzani kati ya kila jozi ya vipande vya komuteta. Vipimo vitatu vinapaswa kulingana. Kimoja kikitofautiana waziwazi, kuna mkono wenye mizingo pungufu au waya uliogusana, na mota itatembea kwa mishtuko kwenye mwendo mdogo, mahali ambapo gari la mawe linahitaji ulaini kuliko popote.

Mota zisizo na kaboni

Mota zisizo na kaboni hazitajwi kwa mizingo bali kwa mizunguko kwa kila volti, na zimeendelea haraka. Za zamani zisizo na sensa zilikuwa na ugonjwa mmoja: kwenye mwendo mdogo kabisa kontrola haikujua roto iko wapi, na gari lilianza kwa kuruka. Zenye sensa ziliondoa tatizo hilo. Siku hizi kuna mifumo inayounganisha mota na kontrola katika mkebe mmoja, kama Hobbywing Fusion, inayoongoza mkondo kwa usahihi kiasi kwamba mota inaweza kushikilia gari kwenye mteremko ikiwa imesimama. Kwa utendaji, hizi ndizo bora. Lakini zikiharibika, fundi wa mtaani hana la kufanya. Unatupa mota na kontrola kwa pamoja. Mota ya kaboni husafishwa, husukwa na hubadilishiwa kaboni hapa hapa. Kwa miaka mingi ijayo, hiyo itabaki sababu nzito ya kuichagua.

Mchanga mweusi na hewa ya mlimani

Mchanga mweusi wa mito ya Meru una chembe za madini ya chuma. Pitisha sumaku juu ya kiganja cha mchanga mkavu na utaziona zikisimama kama manyoya. Mota ya kaboni ni sumaku mbili zilizofichwa ndani ya mkebe wenye matundu. Chembe hizo huingia, hunasa kwenye sumaku na kusaga roto, na nyingine hukaa kati ya vipande vya komuteta na kuunganisha pasipopaswa kuunganishwa. Chagua mkebe wenye matundu machache, funika yaliyobaki kwa kitambaa chembamba, na usiweke gari mchangani likiwa limepinduka. Baada ya kila matembezi makavu, puliza mota kwa pampu ya baiskeli kabla ya kuizungusha tena.

Kupooza nako kuna mambo yake. Kwenye mwendo wa kutambaa, mota haizunguki vya kutosha kujipepea. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam kwa karibu sehemu ya nane, kwa hiyo hubeba joto pungufu kidogo. Baridi ya Juni na Julai husaidia, lakini kipimo cha kuaminika ni kidole: ukishindwa kukishikilia kwenye mkebe kwa sekunde chache, simamisha gari na upunguze pinioni.

Uamuzi

Mpangilio wa kuchagua, basi, ni huu. Anza na gia: pinioni ndogo kuliko zote inayokaa vizuri. Fuata ukubwa wa mota kulingana na uzito wa gari. Kilo 2 hadi 3 zinatoshwa na 540, zaidi ya hapo tafuta 550. Kisha tazama betri uliyonayo, maana ndiyo itakayochagua mizingo. Kwa betri nzuri ya seli mbili na dereva anayetaka pia kukimbia kidogo kwenye barabara ya vumbi, 35T inatosha. Kwa betri ya seli tatu na mawe zaidi ya barabara, 55T ndiyo chaguo langu, na ningempa yeyote anayeniuliza bila kujua zaidi. Kwa seli za laptopu, kwa anayejifunza, na kwa mawe matupu, 80T.

Maarifa haya hayaishii kwenye mchezo. Opibus, kampuni iliyoanza Nairobi mwaka 2017 na ambayo sasa huitwa Roam, ilianza na kazi ya kuyabadilisha magari ya safari kutoka dizeli kuwa ya umeme, na magari ya aina hiyo yamefika hadi Serengeti. Anayeibadilisha Land Cruiser hukutana na maswali yale yale kwa ukubwa mwingine: volti ngapi, mkondo wenye kikomo gani, gia za zamani zibaki au zitoke, joto liende wapi gari linapotambaa juu ya mawe bila upepo. Magari hayo yatahitaji mafundi, na Arusha, yenye Chuo cha Ufundi tangu 1978, Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru na karakana nyingi za magari ya utalii, ina kila sababu ya kuwatoa hapa hapa. Mwanafunzi aliyesuka roto ya 540 kwa mkono wake, akapima ukinzani wake na kuona kwa macho kwamba mizingo imebadilisha mkondo lakini haikubadilisha joto, ameshika kanuni ambayo vitabu huichukulia sura nzima. Vyuo vyetu viliingize gari la mawe kwenye karakana zao. Gharama yake ni ndogo, mawe ni ya bure, na linachofundisha ni kile kile ambacho magari makubwa ya umeme yatadai kutoka kwa mafundi wetu.